Nakala tatu, pengo moja: jinsi programu zilizopitwa na wakati zinavyoharibu mafaili kimya kimya

Bibi mmoja wa Nyanza-Lac alikuwa akisimulia jinsi alivyokimbilia Tanzania mwaka 1972. Sauti yake ilirekodiwa nyumbani kwake, si mbali na ufuko wa Ziwa Tanganyika. Mimi nilikuwa mezani kwangu, visikizi masikioni, nikifasiri sentensi moja baada ya nyingine kutoka Kirundi kwenda Kiswahili. Katika dakika ya 11 alinyamaza. Nilidhani amezidiwa na uchungu. Wanaosimulia mambo ya mwaka ule hunyamaza mara nyingi, na mfasiri hujifunza kuuheshimu ukimya huo. Niliandika kwenye mabano: ananyamaza kwa muda.

Kilichonirudisha nyuma ni kwamba alipoendelea, aliendelea katikati ya neno. Nikasikiliza upya. Kabla ya pengo kulikuwa na kuku uani, upepo juu ya mabati, mtoto akiita kwa mbali. Ndani ya pengo hapakuwa na kuku wala upepo, wala ule mvumo hafifu ambao kinasa sauti huunasa hata chumba kikiwa kimetulia. Fundi wa kompyuta alipolichunguza faili na kuzitazama tarakimu zake, alikuta sifuri tupu kwa muda wa takriban sekunde 41. Katika rekodi ya sauti isiyobanwa, sifuri zikifuatana, msikilizaji husikia kimya. Pengo lilianza na kuishia penye mpaka wa vipande vya kilobaiti 128, vipande 30 kamili. Uchungu wa binadamu haupimwi kwa kilobaiti 128.

Hatukuhangaika sana mwanzoni, kwa kuwa faili lilikuwa limehifadhiwa kwenye mashine tatu. Ndipo tukagundua kwamba nakala zote tatu zilikuwa na pengo lile lile, mahali pale pale, huku mfumo wa hifadhi ukiripoti kwamba hakuna tatizo lolote. Hayo yalitukia katika chumba cha habari nilikofanya kazi zamani, ambacho hakina haja ya kutajwa. Ninayaeleza kwa sababu kilichotupata sisi kinaweza kumpata yeyote anayeamini kwamba wingi wa nakala peke yake ni kinga.

Na siku hizi wanaoamini hivyo ni wengi. Kutoka Rumonge hadi Nyanza-Lac, mambo mengi yaliyokuwa yakikaa kwenye daftari yamehamia kwenye kompyuta: orodha za wanachama wa vyama vya wakulima wa michikichi, matokeo ya shule, rekodi za redio, picha za hati za ardhi. Hati za ardhi zina uzito wa pekee katika eneo hili. Waliokimbia mwaka 1972 waliporejea, wengi walikuta mashamba yao yakikaliwa na wengine, na serikali iliunda mwaka 2006 tume ya taifa ya ardhi na mali nyingine ili kushughulikia migogoro hiyo. Sheria ya ardhi ya mwaka 2011 ikaipa tarafa nafasi ya kuwa na huduma ya ardhi inayotoa vyeti. Cheti chenyewe ni karatasi, lakini kinachosafiri ni picha yake: kwa ndugu aliyebaki Kigoma, kwa wakili wa Bujumbura, kwa mtoto aliye ng'ambo. Picha ya namna hiyo ikiharibika katikati ya faili, aghalabu sehemu ya juu huonekana vizuri na sehemu ya chini hugeuka kijivu. Saini na mhuri wa ofisi huwa chini.

Hifadhi iliyosambazwa ni nini

Ni utaratibu wa kuweka mafaili kwenye kompyuta kadhaa zinazoshirikiana, badala ya kompyuta moja. Mtumiaji huona folda moja tu, lakini nyuma ya pazia kila faili hunakiliwa au hukatwa vipande na kugawanywa kwenye mashine mbalimbali. Mwaka 2003 watafiti watatu wa kampuni ya Google, Sanjay Ghemawat, Howard Gobioff na Shun-Tak Leung, walichapisha maelezo ya mfumo wa namna hiyo. Kila kipande kilikuwa cha megabaiti 64, na kwa kawaida kilikuwa na nakala tatu kwenye mashine tatu tofauti. Programu ya Hadoop, iliyofuata wazo hilo na ambayo yeyote anaweza kuitumia bila malipo, hukata vipande vya megabaiti 128, nayo pia huweka nakala tatu isipoelekezwa vingine. Ceph na GlusterFS ni nyingine katika ukoo huo.

Hakuna haja ya kuwa Google ili kutumia utaratibu huu. Ofisi yenye mashine tatu za kawaida zilizounganishwa kwa waya inaweza kuuanzisha, na kwenye mwambao wetu una faida iliyo wazi. Umeme hukatika, diski hufa kwa joto na vumbi, na Bujumbura iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Nyanza-Lac. Mashine moja ikizimika, mbili zinaendelea na kazi.

Lakini utaratibu huu ulibuniwa kwanza kabisa kukabili kifo cha mashine, jambo ambalo kila mtu huliona. Kwa faili lililoharibika kabla ya kunakiliwa, hausaidii chochote. Ukimimina mawese yenye mchanga katika madumu matatu, utakuwa na madumu matatu ya mchanga. Mfumo hutimiza wajibu wake kwa uaminifu: hueneza kosa upesi, kwa usahihi, na katika kila mashine.

Ngazi zinazoaminiana

Swali linalofuata ni jinsi mchanga unavyoingia. Kati ya mtu anayebonyeza kitufe cha kuhifadhi na sahani ya diski kuna ngazi kadhaa za programu. Ya juu ni programu ya mtumiaji, kwa mfano ya kuhariri sauti. Chini yake ipo programu ya hifadhi, halafu kiini cha mfumo endeshi, halafu kiendeshi kinachozungumza na diski, na mwisho kabisa programu ndogo iliyomo ndani ya diski yenyewe, ambayo watu wengi hawajui hata kama ipo. Kila ngazi husadiki jibu la ngazi iliyo chini yake. Diski ikisema imeandika, kiini husadiki. Kiini kikisema faili hili lina nafasi tupu hapa, programu ya kunakili husadiki.

Ngazi hizi hutengenezwa na watu mbalimbali na husasishwa kwa nyakati mbalimbali. Ofisi husasisha ile inayoonekana, kwa sababu ndiyo inayoomba kusasishwa kila asubuhi, na huziacha zile za chini kwa miaka. Hatimaye ngazi ya juu huanza kuuliza maswali ambayo ngazi ya chini haikuwahi kuulizwa, na kasoro iliyolala kwa muda mrefu huamka.

Watafiti wa Google walilieleza jambo hili waziwazi katika andiko lao la 2003. Diski zao nyingi zilidai kuelewa matoleo kadhaa ya lugha ya mawasiliano kati ya diski na kompyuta, lakini kwa kweli zilijibu kwa uhakika matoleo mapya tu. Kwa kuwa matoleo hayo yalifanana sana, mara nyingi kazi ilikwenda vizuri. Mara chache diski na kiini cha Linux vilitofautiana kuhusu hali ya diski, na data ikaharibika bila onyo. Walifanya mambo mawili kwa pamoja: walikirekebisha kiini, na waliweka muhuri wa hesabu juu ya kila sehemu ya kilobaiti 64 ya data ili uharibifu ujulikane wakati wa kusoma.

Muhuri wa hesabu ndio moyo wa habari hii, kwa hiyo unastahili maelezo. Mwenye duka akijumlisha safu ya daftari na kuandika jumla chini, atakayejumlisha tena kesho na kupata jumla tofauti atajua kwamba tarakimu fulani imebadilika, hata kama hajui ni ipi. Kompyuta hufanya vivyo hivyo kwa hesabu ngumu zaidi. Hesabu iitwayo SHA-256, kwa mfano, hutoa mfuatano wa herufi na tarakimu 64 kwa faili lolote, liwe la ukurasa mmoja au la filamu nzima. Nukta moja ikibadilika, mfuatano wote hubadilika.

Kisa cha pili kinatoka CERN, kituo cha utafiti wa nyuklia kilichopo Geneva. Mwaka 2007 Bernd Panzer-Steindel aliandika ripoti kuhusu jaribio lililokuwa rahisi kiasi cha kuchekesha. Programu ndogo iliandika faili la gigabaiti 2 lenye mpangilio unaojulikana, kisha ikalisoma na kulinganisha, kila baada ya saa mbili, kwenye mashine zaidi ya 3,000. Baada ya wiki tano zilikuwa zimepatikana hitilafu 500 kwenye mashine 100. Asilimia 80 ya hitilafu hizo zilikuwa na ukubwa mmoja, sehemu za kilobaiti 64. Alama hiyo iliwasaidia wachunguzi kuzihusisha na tatizo walilokwisha kulijua, la programu ya ndani ya diski za aina fulani isiyopatana na kadi iliyozisimamia. Dawa yake ilikuwa kusasisha programu hiyo kwenye diski zipatazo 3,000. Walipopima pia mafaili halisi 33,700 yaliyokuwa kwenye hifadhi yao, walikuta 22 ambayo hayakulingana na muhuri wake. Hilo ni faili moja katika kila 1,500. Mtu mwenye mafaili 100 huenda asilione jambo hili maisha yake yote. Idara yenye mafaili 30,000 tayari inayo yaliyoharibika.

Kisa cha Novemba 2023

Kisa cha tatu ndicho kilichofanana na chetu, nami nitakaa nacho zaidi.

OpenZFS ni programu ya kusimamia diski inayosifiwa kwa uangalifu wake: huweka muhuri juu ya kila kipande na huukagua kila inaposoma. Mifumo mikubwa iliyosambazwa, kama Lustre ya kompyuta kuu za watafiti, inaweza kujengwa juu yake. Mwezi Oktoba 2023 lilitoka toleo 2.2.0. Mwezi uliofuata watumiaji wakaanza kuripoti kwamba baadhi ya mafaili waliyonakili yalikuwa na sehemu zilizojaa sifuri. Lawama iliangukia kipengele kipya cha toleo hilo, nacho kikazimwa katika toleo 2.2.1. Mafaili yakaendelea kuharibika.

Uchunguzi ulionyesha kwamba kasoro ilikuwa ya zamani zaidi, tena ilikuwepo katika matoleo ambayo watu waliyaona salama. Ilihusu muda mfupi mno, baada ya faili kuandikwa na kabla ya data kutulia kwenye diski. Programu nyingine ikiuliza katika muda huo kama faili lina nafasi tupu, mfumo uliweza kujibu kwamba ndiyo, mahali ambapo data ilikuwa bado njiani. Kwa miaka mingi ni programu chache zilizouliza swali hilo. Kisha chombo cha kawaida cha kunakili mafaili katika Linux kikabadilishwa, kuanzia toleo la 2021, kikawa kinauliza kila mara ili kisipoteze muda kunakili utupu. Jibu la uongo lilipotolewa, chombo kiliruka data na kuandika sifuri. Marekebisho yalitolewa tarehe 30 Novemba 2023 katika matoleo mawili kwa pamoja, 2.2.2 kwa wenye mfululizo mpya na 2.1.14 kwa waliobaki kwenye ule wa zamani.

Mihuri ilikuwa wapi wakati huo wote? Ilikuwepo na ilikuwa sahihi. Sifuri ziliandikwa kwenye nakala kama data halali, zikapigiwa muhuri, na ukaguzi wa diski nzima ukasema hakuna hitilafu. Muhuri unaopigwa na hifadhi huthibitisha kwamba kilichopokewa hakijabadilika tangu kipokewe. Hauwezi kuthibitisha kwamba kilichopokewa ndicho kilichotumwa. Kwa uthibitisho huo unahitajika muhuri mwingine, uliopigwa kabla faili halijaingia kwenye hifadhi, na uliowekwa mahali pengine.

Sisi hatukuwa nao. Mashine yetu moja ilikuwa imewekewa mfumo endeshi mpya wenye chombo kipya cha kunakili, huku programu ya hifadhi ikiachwa kwenye toleo lisilo na marekebisho kwa sababu ilikuwa ikifanya kazi. Rekodi ziliingia kupitia mashine hiyo, na kutoka hapo zikaenea.

Kutafuta chanzo

Anayegundua faili bovu hushikwa na hamu ya kurekebisha papo hapo. Kosa hili hugharimu kuliko yote. Programu za kurekebisha hifadhi huandika juu ya diski, na zinapochagua nakala ya kufuata zinaweza kuchagua ile mbovu na kuifuta nzima. Kwanza ni kuacha kuandika: zuia mafaili mapya yasiingie, zuia pia usafishaji wa nakala za zamani unaojiendesha wenyewe, maana nakala ya mwezi uliopita ndiyo huenda ikawa ya mwisho iliyo nzima.

Kisha faili lisomwe kwenye kila mashine peke yake, si kupitia folda ya pamoja. Folda ya pamoja hutoa jibu la mashine mojawapo tu, na leo inaweza kuwa hii, kesho ile. Ukipiga muhuri wa hesabu wa faili lile lile kwenye mashine zote tatu, matokeo yatakuelekeza. Mashine moja ikitofautiana na mbili, tatizo liko kwenye mashine hiyo: diski yake, kumbukumbu yake ya muda, waya wake. Zote tatu zikilingana na faili bado ni bovu, kama ilivyokuwa kwetu, basi lilikuwa limekwisha kuharibika kabla ya kusambazwa, na hakuna faida ya kubadilisha diski. Nimeona pesa za ofisi zikinunua diski mpya tatu kwa kukosa kipimo cha dakika kumi.

Kuna hali ya tatu, ya mashine mbili zilizopoteza mawasiliano umeme ulipokatika, kila moja ikaendelea kupokea mabadiliko yake, na sasa kila moja inadai yake ndiyo sahihi. Hiyo hutokea zaidi penye mashine mbili tu, zisizo na wa tatu wa kuamua.

Ukubwa na mahali pa uharibifu ni ushahidi pia. Nukta moja iliyogeuka hapa na nyingine kule humfanya fundi aanze na kumbukumbu ya muda ya kompyuta. Sehemu zenye ukubwa uliokatwa sawasawa, kama kilobaiti 4, 64 au 128, humwelekeza kwenye programu, kwa sababu programu ndizo zinazofanya kazi kwa vipande vya vipimo hivyo. Sifuri tupu husema data haikufika. Sehemu ya faili jingine iliyojitokeza katikati ya faili husema data ilifika mahali pasipo pake.

Baada ya hapo huja kazi ya karani zaidi kuliko ya fundi: kuandika kwenye karatasi moja matoleo ya kila ngazi katika kila mashine, ikiwemo programu ya ndani ya diski, na tarehe ya kila badiliko. Mashine zinazopaswa kufanana mara nyingi hazifanani. Tarehe ya faili bovu la kwanza ikiwekwa kando ya orodha hiyo, mara nyingi hukutwa iko siku chache baada ya badiliko fulani. Hatua inayofuata ni kusoma orodha ya kasoro ambayo watengenezaji wa toleo lile wameichapisha. Wengi huiruka kwa sababu ni ndefu na kavu, lakini fundi wetu aliipata kasoro yetu humo, ikiwa imeelezwa kwa mistari michache pamoja na dawa yake.

Dhana ikishapatikana, ijaribiwe kwenye mashine ya pembeni isiyo na data ya mtu. Mbinu ya CERN inatosha: andika faili linalojulikana, linakili mara nyingi kwa haraka, linganisha. Kosa likitokea kwenye toleo la zamani na likakoma kwenye jipya, chanzo kimepatikana.

Kusasisha penye umeme wa kubahatisha

Kuna msemo wa mafundi kwamba kinachofanya kazi kisiguswe. Si uvivu. Aliyewahi kuona umeme ukikatika katikati ya usasishaji, na mashine isiwake tena, anajua hofu hiyo ilikotoka. Mbali na umeme kuna gharama ya intaneti. Sasisho la mfumo endeshi huweza kumaliza bando la ofisi la mwezi. Kwa hiyo kumwambia mtu wa Nyanza-Lac asasishe kila linapotoka toleo jipya ni kumpa shauri ambalo hata mimi nisingelifuata. Tena kisa cha 2023 kinaonyesha kwamba upya si usalama: kilichoiamsha kasoro kilikuwa chombo kipya.

Jambo la busara ni kuchagua mfululizo wa matoleo ambao bado unahudumiwa, yaani watengenezaji wanaendelea kuurekebisha bila kuongeza mambo mapya, na kukaa humo. Waliokuwa kwenye toleo 2.1 la OpenZFS hawakulazimika kuhamia 2.2 ili wapate dawa. Lakini mfululizo uliokwisha kuachwa haupati dawa kamwe. CentOS 7, mfumo endeshi unaotumiwa kwenye seva nyingi, uliachwa tarehe 30 Juni 2024, na kiini chake kimejengwa juu ya toleo 3.10 la Linux la mwaka 2013. Windows 10 iliacha kupata huduma ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine hizo zinawaka kila asubuhi kama kawaida, nazo hazitasema.

Sasisho linaweza kupakuliwa mara moja Bujumbura, likahakikiwa kwa muhuri uliotangazwa na watengenezaji, na kupelekwa mwambaoni kwenye diski ndogo. Mashine husasishwa moja moja, betri ya akiba ikiwa imejaa, na ya pili haiguswi mpaka ya kwanza imerudi kazini na kumaliza kulinganisha nakala zake na wenzake. Kwa mashine tatu hiyo ni kazi ya siku tatu, si ya mchana mmoja. Kabla ya yote, mihuri ya mafaili muhimu ipigwe na kuwekwa nje ya mfumo, ili baada ya kazi kuwe na cha kulinganisha. Kwenye Linux amri ya sha256sum hufanya hivyo. Windows ina certutil. Hakuna cha kununua.

Ukaguzi wa mara kwa mara pia uko tayari ndani ya mifumo mingi, mradi mtu asiuzime kwa kuwa unapunguza kasi. Ceph kwa kawaida husoma na kulinganisha nakala zake zote mara moja kwa wiki, na Hadoop hupitia vipande vyake kila wiki tatu. Hata ukaguzi huo, kama tulivyoona, hautagundua pengo lililopigiwa muhuri.

Kwa rekodi ya yule bibi tulikuwa na bahati. Kadi ya kinasa sauti ilikuwa imefutwa na kutumiwa tena siku ile ile, lakini mwenzetu aliyekuwa naye alikuwa ameweka simu yake mezani ikirekodi pia, kwa tahadhari tu. Sauti ya simu ilikuwa hafifu, ila ilikuwa kamili. Katika sekunde zile 41 bibi hakuwa amenyamaza. Alikuwa akitaja majina ya watu aliopanda nao mtumbwi, na kijiji cha kila mmoja. Nilifuta mabano yangu na kuyaandika majina. Rekodi mbili nyingine za wiki hiyo zilikuwa na mapengo ya aina hiyo, na kwa hizo hapakuwa na simu mezani.

Tangu wakati huo chumba kile kilibadilisha utaratibu. Muhuri wa kila rekodi hupigwa kwenye kinasa sauti au kwenye kompyuta ya mwandishi akiwa bado mashambani, na zile herufi na tarakimu 64 hutumwa ofisini kwa ujumbe wa simu, mbali na faili lenyewe. Faili likifika, muhuri hupigwa tena na kulinganishwa kwenye kila mashine. Kadi hutiwa kwenye bahasha yenye tarehe na haifutwi kabla ya siku 30. Na mfasiri akikutana na ukimya mrefu, kabla ya kuandika lolote huongeza sauti na kusikiliza kama kuku bado wako uani.